Mwaka wa Kukosea Vizuri

Ujumbe ulinikuta nasahihisha madaftari. Ulitoka kwa Mwanahawa, nao ulikuwa mfupi: Zuhura ametutoka alfajiri, maziko leo baada ya adhuhuri, Utende. Niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena, kisha nikamwambia mwalimu mwenzangu wa meza ya pili, "Haiwezekani, huyu wiki iliyopita kanitumia video ya paka anaiba samaki." Nami nilijua nimesema upuuzi, lakini nilipopatwa na mshtuko ule kitu cha kwanza nilichokishika ni yule paka, na sikutaka kumwachia. Maziko sikuyawahi. Nilipata nafasi kwenye ndege ndogo ya kesho yake, nikashuka Kilindoni, nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi Utende, nikaingia chumba cha wanawake na mkoba wangu begani kama mtu aliyepotea njia. Mwanahawa alikuwa ameketi ukutani. Aliponiona alisogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, akanishika kiganja. Na wale wanafunzi wenzao watatu walikuwepo, watu wazima sasa, mmoja na mtoto mapajani. Kabla ya magharibi sisi watano tulikuwa tumecheka msibani, tukacheka kwa sauti mpaka shangazi wa marehemu akauliza tuna nini. Nisipoueleza mwaka ule, kicheko kile kitaonekana ni utovu wa adabu, na mimi sikubali kionekane hivyo.

Nilikozaliwa na walionizaa si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri ajira kama wenzangu wote waliokuwa wakisubiri, na mradi mmoja wa kutoka Dar es Salaam ukanichukua kwa mwaka mmoja kwenda Mafia. Walikuwa wamegawa tableti kwa kidato cha pili katika shule moja ya Kilindoni. Mwalimu Mkuu aliziita vishikwambi, kwa sababu redioni wanasema vishikwambi, na kila alipolitamka neno hilo alinyoosha mgongo. Ndani ya tableti mlikuwa na maswali ya hisabati ya kufanyia nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuandika vidokezo. Mtoto akijibu sawa, kisanduku cha swali kinageuka kijani. Akikosa, kinageuka chekundu, na chini yake kinatokea kidokezo, si kidokezo cha kila mtu bali cha kosa lake yeye. Ilinibidi nikae, nilitazame swali, nijiulize mtoto atateleza wapi, na kwa kila mtelezo niandike maneno ya kumrudisha. Chukua hili: 5 − 2x = 11. Jibu ni hasi tatu. Anayesema tatu amesahau hasi njiani. Anayesema hasi nane ameivusha tano upande wa pili bila kuibadilisha alama. Na anayesema tatu na theluthi mbili ameona tano na mbili zimekaa karibu, akazitoa papo hapo kana kwamba ile x haipo. Kila mmoja anahitaji neno lake. Edwin, kijana wa mradi aliyekuwa akinipigia simu kutoka Dar, alinikumbusha kila mara, "Salma, usimpe jibu. Msukume kidogo tu, aende mwenyewe." Tulichobishania ni lugha. Yeye alitaka vidokezo vya Kiingereza, kwa kuwa sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Nilimwambia mtu aliyeanguka humwinui kwa lugha inayomwangusha, na nikaviandika kwa Kiswahili. Akakata simu, lakini vidokezo vyangu aliviacha.

Nilipanga chumba juu ya duka la Bi Shirin, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kilindoni na ambaye Kiswahili chake kilinitia aibu mimi wa bara. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, nusu yake yangu, nusu yake ya maboksi ya sabuni na tambi, na mpaka leo nikinusa sabuni ya mche namkumbuka. Dirisha moja lilitazama barabara, la pili lilitazama uwani. Asubuhi aliniita kwa kugonga dari kwa fimbo ya ufagio, nami nilishuka nikamkuta amekwisha weka chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuwasha koo, chapati za moto na achari ya ndimu aliyoitengeneza mwenyewe. "Shikamoo Bi Shirin." "Marahaba mwanangu, kula kwanza, hesabu hazikimbii." Siku nzima nilisikia maneno ya duka yakipanda ngazi: mtu anataka kiberiti, mtu anauliza kama boti imekuja, mtu anamsema shemeji yake kwa kirefu huku akichagua kanga. Nilikaa na kompyuta mapajani nikitafuta makosa ya watoto nisiowajua, na huko chini dunia inaendelea kununua chumvi.

Kisanduku cha kurushia mtandao kiliwekwa kwa Bi Shirin, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na umeme wa jua wa uhakika. Kingine kiliwekwa shuleni. Wavulana walibaki kwenye baraza ya shule, na wasichana watano waliokuwa wamepanga vyumba jirani wakapewa uwa wa Bi Shirin, ambaye alisema hataki kuona mtoto wa mtu akizunguka mjini jioni na chombo cha thamani mkononi. Walikuja baada ya alasiri, wakakaa juu ya magunia, chini ya dirisha langu. Wawili kati yao niliwajua haraka. Zuhura wa Utende, kwa sababu ya kicheko, alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Na Mwanahawa, kwa sababu ya ukimya, na kwa sababu kila alipofika alikwenda kwanza kulizunguka lile boksi la umeme wa jua ukutani kama paka anavyozunguka jiko la samaki. Siku moja alimuuliza Bi Shirin ndani mna nini. Bi Shirin akamwambia, "Mna umeme, na ukigusa mna kifo." Mwanahawa akasema, "Basi nitasomea umeme, ili nijue pa kugusa." Aliyasema bila kutabasamu. Alitaka kuingia mchepuo wa sayansi kidato cha tatu, na hakuwa na mpango wa pili.

Halafu Mwalimu Mkuu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Asubuhi moja, mstarini, mbele ya shule nzima, alitangaza kwamba maksi za vishikwambi ndizo zitakazoamua nani aende sayansi na nani aende sanaa, kwa kuwa maabara ina stuli chache na yeye hana muda wa kubembelezana. Kidokezo hakiji mpaka mtoto akosee! Mtoto unayemwambia akikosea atapoteza kiti chake, atakosea vipi? Nilimfuata ofisini. Nilimweleza kwa adabu, kisha kwa kirefu, kisha kwa adabu kidogo zaidi ya kwanza, maana alikuwa ameanza kuvaa miwani yake ya hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu Salma, bila maksi watatazama picha tu. Wewe endelea na vidokezo vyako." Edwin naye nilipompigia alisema shule ni ya mwenye shule, mradi hauingilii.

Wiki zilizofuata nilikaa mbele ya kompyuta nikishangaa. Wavulana wa barazani walifanya kama nilivyotegemea: majibu yao yalitawanyika kama mchele uliomwagiwa kuku, mengine nikashindwa hata kujua yametoka wapi. Wasichana wa uwani, lahaula! Wanne kati yao walikuwa kijani kitupu. Swali la kwanza kijani, la pili kijani, hata yale niliyoyaweka makusudi kuwatega. Zuhura, ambaye mwalimu wake wa darasa aliniambia hajui kutoa hasi kwenye hasi, alikuwa kijani kutoka juu mpaka chini. Na wa tano, Mwanahawa, alikuwa mwekundu. Mwekundu kila swali. Tena si mara moja: alikosa, akafungua kidokezo, akakosa tena kwa namna nyingine, akafungua kingine, mpaka kila kidokezo nilichokiandika kwa swali lile kikawa kimefunguliwa, ndipo akaliacha. Edwin alipiga simu kwa furaha. "Wanne bora wilayani! Na huyo mmoja mbovu anatusaidia kupima vidokezo." Nilimwita Mwanahawa pembeni ya duka nikamuuliza anakwama wapi, nimsaidie. Alinitazama kwa heshima zote. "Sikwami popote, Mwalimu." Nikadhani ni aibu. Nilikwenda juu nikaviandika vidokezo upya kwa ajili yake, nikivirahisisha, na kesho yake akavifungua vyote tena, na akakosa vyote tena.

Siku za Ijumaa Bi Shirin aliwapikia. Aliwawekea sinia moja la tambi za nazi, au wali na samaki wa kupaka, akaliweka katikati ya magunia. Mimi nilikula juu, nikiwatazama. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ya kila mtu na sahani yake, kwa hiyo kula kwao kulinivutia. Hakuna aliyetia mkono mpaka wa mwisho awe amenawa. Anayekula haraka alipunguza mwendo. Mwanahawa, ambaye alikaa upande wenye minofu, aliisukuma kwa vidole mpaka mbele ya Zuhura, na Zuhura akala bila kushukuru, kama mtu anayepokea kitu chake. Bi Shirin alinikuta dirishani, akacheka. "Wewe unatazama nini? Ndivyo tunavyokula huku. Ukiona mtu kwenye sinia kashiba na mwenzie hajashiba, ujue huyo kalelewa na mbuzi."

Nililijua jambo lenyewe kwa masikio. Ilikuwa jioni ya kawaida, jua bado liko juu, kompyuta imenichosha nimejilaza sakafuni chini ya dirisha ambako kuna ubaridi. Chini mmoja wao alisema, "Haya, la tatu. Mwanahawa, kosea." Nilidhani nimesinzia. Kisha nikamsikia Mwanahawa, kwa sauti ile ile tulivu, "Nikosee vipi? La kusahau hasi au la kuvusha bila kubadilisha?" Mwingine akasema, "La kusahau hasi, ndilo langu." Kisha Mwanahawa akasoma kwa sauti kidokezo changu, neno kwa neno, maneno niliyoyaandika kwenye chumba hiki hiki, na yule msichana akasema, "Ahaa! Nimeona." Ndipo Zuhura akaruka, "Na langu mie? Nikosee langu!" Mwanahawa akamwambia, "Lako ni la tatu na theluthi mbili. Subiri basi." Nilikaa kitako. Nywele zilinisimama, na siyasemi haya kwa kupamba, nilizishika kwa mkono nikazikuta zimesimama. Walikuwa wameogopa kukosea, wote watano, na hawakuona kwa nini kila mmoja akosee peke yake na kila mmoja apoteze. Wakamtoa mmoja akosee kwa niaba ya wote. Na walimtoa anayejua jibu, kwa sababu ni yeye tu aliyeweza kulipata kosa la kila mwenzake bila kubahatisha.

Nilishuka ngazi bila viatu. Waliponiona walisimama wote, tableti zikafichwa nyuma ya migongo. Niliwaambia wakae. Nilitaka kugomba, na nilipofungua mdomo nikajikuta nauliza tu, "Nani aliyebuni hili?" Wakatazamana. Mwanahawa akasema ni yeye. Zuhura akasema si kweli, ni wote. Nikamwambia Mwanahawa, "Unajua uko wa mwisho? Unajua ukiendelea hivi hutaingia sayansi?" Akajibu, "Najua, Mwalimu. Nilifikiri wataangalia na mtihani wa darasani." Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kweli mwaka ule, la pekee ambalo hakulikusudia. Alidhani watu wazima wangetazama vitu viwili. Mwalimu Mkuu alikuwa akitazama kimoja, na ilibaki kazi moja tu ya vishikwambi kabla ya majina kubandikwa, kazi ndefu ya mwisho ambayo mfumo uliipa uzito kuliko zote. Nikawaambia nitakwenda kumwona. Zuhura alinishika mkono wa gauni. "Mwalimu, ukimwambia atatuchapa sote, na sie tutatolewa." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonitesa.

Nilikwenda bila kuwataja. Nilimpelekea Mwalimu Mkuu makosa ya Mwanahawa, nikayapanga juu ya meza yake. Nikamwambia, "Mtoto asiyejua hutawanyika. Huyu hajatawanyika hata mara moja. Kila kosa lake limeangukia pale pale nilipotega. Ili ukosee hivi lazima ujue jibu." Alicheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, akasema basi aitwe. Mwanahawa aliingia, akaamkia, akasimama. Mwalimu Mkuu aliandika swali kwenye karatasi, gumu kuliko ya vishikwambi, akamsukumia. Mwanahawa alilitazama, akainua macho, akauliza kwa adabu kabisa, "Unataka jibu au unataka kosa, Mwalimu?"

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Akaivaa. Akasema, "Lete vyote." Mwanahawa akaandika jibu sahihi, na chini yake makosa manne, haraka, kama anayeandika majina ya wadogo zake. Nilifurahi kijinga. Nilidhani tumeshinda. Mwalimu Mkuu akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaonyesha kwamba si mjinga hata kidogo. "Makosa manne," akasema. "Na wenzako wa uwani ni wanne, na wote hawajawahi kukosa. Haya ni ya nani na nani?" Mwanahawa akaiweka kalamu mezani. "Ukinitajia, hao watatoka na wewe utaingia, maana nimeona unajua. Usiponitajia, maksi zako ni hizi hizi nilizonazo." Mwanahawa akasema, "Ni yangu, Mwalimu." "Yote?" "Yote ni yangu." Aliambiwa aende darasani, akaenda. Nilimwambia Mwalimu Mkuu maneno ambayo mwajiriwa hamwambii mkuu wake, na mengine niliyamalizia nje, mbele ya mwanafunzi mmoja mwembamba aliyekuwa akifagia, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Jioni ile ilikuwa Ijumaa. Bi Shirin aliweka sinia, tambi na mchuzi wa kamba, na mimi nilikuwa nimeshuka, sikuweza kukaa juu. Mwanahawa alikuwa amewaambia. Walinawa wote watano, wakakaa, na hakuna aliyetia mkono. Tambi zilipoa zikashikana. Mmoja alikuwa akilia kimya kimya, Mwanahawa alikuwa akitazama boksi la umeme ukutani. Bi Shirin alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumhimiza mtu kula. Nilipanda ngazi kabla hawajala, kwa sababu niliona wananisubiri niondoke. Nilisikia Zuhura akiongea, kwa sauti ya chini, bila kicheko, na wengine wakimbishia. Kisha nikasikia maji ya kunawa tena, na mikono ikaingia kwenye sinia.

Kazi ya mwisho ilifunguliwa Jumatatu. Nilikaa mbele ya kompyuta na chai yangu, nikawatazama wasichana wa uwani wakianza. La kwanza la mmoja wao likaja jekundu. Nikadhani ameteleza. La mwenzake jekundu. La wa tatu, la wa nne, la Mwanahawa. Jekundu! Swali la pili, mekundu matano. Chai iliniponyoka ikamwagika kwenye sakafu na kwenye boksi la tambi, na sikuinama kuifuta, nilikaa nimeduwaa huku safu baada ya safu ikigeuka rangi ya pilipili mbele yangu. Wanne waliokuwa juu ya shule nzima walikuwa wakijivuta chini kwa mikono yao wenyewe, mpaka wakafika alipokuwa mwenzao. Nilisikia simu inalia, ilikuwa ni Edwin, akipiga kelele kwamba mfumo umeharibika. Nilimwambia haujaharibika. Katika wekundu wote ule palikuwa na kisanduku kimoja cha kijani, kwenye safu ya Zuhura, swali la katikati. Nilikiona. Nilidhani hofu imemshika kidogo, kisha akajikaza akaendelea, na sikumlaumu kwa hilo.

Mwalimu Mkuu aliitazama ile karatasi ya maksi kwa siku nzima. Hakuweza kuwachukua wale wanne bora, maana hawakuwepo tena, na hakuweza kumchapa mtu kwa kukosa hesabu, maana angechapa shule nzima. Mwishowe alisema, zaidi kwa ukuta kuliko kwangu, "Hawa watoto wamenishinda." Akaviweka vishikwambi kabatini, akawapa mtihani wa kalamu na karatasi, kila mtu na dawati lake. Mwanahawa alikuwa wa kwanza. Watatu wa uwani waliingia. Zuhura alikosa kiti, kwa kidogo tu. Alikwenda sanaa, akamaliza, akarudi Utende, akapata kazi kwenye hoteli ya watalii akaanza kwa kutandika vitanda mpaka akawa msimamizi, akazaa watoto wawili, na akawa ananitumia video za paka. Mwanahawa ni mhandisi wa umeme sasa, anafanya kazi Mtwara. Bi Shirin tulimzika miaka miwili iliyopita. Mimi mwaka ule ulipokwisha niliondoka kwenye mradi nikapata darasa langu, na sijawahi tangu hapo kumtazama mtoto aliyekosa nikawa na uhakika kwamba najua kwa nini amekosa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mkekani Utende. Mama yake Zuhura alikuwa ameketi karibu na mlango, kanga imemfunika mpaka machoni, na shangazi akipokea watu. Mmoja wa wale watatu akasema polepole, "Mnakumbuka kile kijani?" Mwanahawa akaangalia chini, nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Nikauliza kijani kipi, na hapo ndipo nilipojua, baada ya miaka yote hii, kwamba wazo lile la jioni ya sinia, la wote kukosea, lilikuwa la Zuhura. Yeye ndiye aliyesema Mwanahawa hawezi kubaki chini peke yake. Wengine walimwambia atapoteza kiti, yeye kuliko wote, na akajibu anajua. Mwanahawa akafanya kazi ya kumfundisha kila mtu kosa la kuandika. "Yeye akakataa kufundishwa," Mwanahawa akasema. "Akasema, mie kukosea najua, nimezaliwa nako. Nitafanya kwa akili yangu mwenyewe, itakosa tu." Yale mengine alibahatisha. Lakini lile la katikati, lililofanana na lile lake la tatu na theluthi mbili, alilifanya kweli, hatua kwa hatua, kwa uaminifu, akiwa na hakika kwamba litakosa. Likaja kijani.

Hapo ndipo tulipocheka. "Hata kukosea kashindwa!" mmoja akasema, na tukashikana mikono na machozi yakitutoka, na shangazi akageuka akasema, "Nyie, mna nini?" Mwanahawa akajifuta uso, akaendelea, na sasa hakuwa anacheka. "Alinigeukia na tableti mkononi. Akaniuliza, nimekosea vizuri? Nikamwambia, umepatia, Zuhura. Akalia. Alidhani ameniharibia."

Mimi niliyekuwa juu, nikitazama kile kisanduku, sikujua kwamba pale ndipo pekee mwaka mzima nilipoona kidokezo changu kikifanya kazi yake. Nilikuwa nimekaa nacho kichwani kama alama ya hofu. Mama yake Zuhura alikuwa ameiteremsha kanga kutoka usoni. Alikuwa amesikia. Alituuliza, polepole, kama mtu anayeogopa kujibiwa, "Kwa hiyo mwanangu hesabu alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua, mama," Mwanahawa akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa mlangoni, mtoto wa Zuhura, akamkalisha mapajani, akamwambia Mwanahawa, "Hebu mwelezee na huyu."